Ganzi imegoma kwenye jino lenye usaha, sindano nne bado nasikia kila kitu. Tatizo ni mimi, dawa au daktari?

#1 Kijana wa Mbagala
Wakuu habari za jioni.

Kuna jambo linanisumbua kuliko hata hilo jino lenyewe. Jumamosi nlienda kung'oa gego la chini kulia, limeoza siku nyingi, wiki iliyopita shavu likaanza kuvimba mpaka jirani akaniuliza kama nimeng'atwa na nyuki. Kliniki ni hapa hapa mtaani sitaitaja. Dokta akachoma sindano ya kwanza, tukasubiri, mdomo ukafa ganzi kabisa, mate yananitoka kama mtoto anayeota meno. Akaligusa jino na ile koleo yake aisee niliruka nikapiga taa ya juu na goti. Akaongeza ya pili. Ya tatu. Ya nne akaichoma pembeni ya jino lenyewe. Mdomo umekufa, ulimi nusu umekufa, jino liko macho kama limekunywa kahawa. Mwisho akaweka vifaa chini akaniuliza "we pombe unatumia sana?" Mimi hata bia moja sinywi. Akaniandikia antibaotiki na diklofenaki akasema nirudi baada ya siku tano.

Sasa swali. Mwaka juzi nilikatwa na bati mguuni nikashonwa nyuzi tisa, kasindano kamoja tu ka ganzi sikusikia kitu. Mtu ni yule yule damu ni ile ile, kwanini mguuni ishike jinoni igome? Na kama mdomo umekufa si ina maana dawa ilifika, sasa maumivu yalikuwa yanapitia wapi?

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Kahawa na kashata pembeni. Waje wataalamu.

#3 Konda Mstaafu
Dawa imepita muda hiyo. Au wameongeza maji ya dripu. Mji huu unaujua.

#4 Bibi Karafuu
Pole mwanangu. Mie kwetu Wete jino likiuma unatafuna karafuu mbili unaziweka pale pale, au mafuta yake kwenye pamba. Dakika chache tu unalala. Hizo sindano nne ulizipata za nini.

#5 Kijana wa Mbagala
Bibi shikamoo, karafuu nimetafuna mpaka mke wangu akasema nanuka pilau. Inapoza kama nusu saa halafu linarudi na hasira zake.

Konda, dawa kama ilikuwa mbovu mdomo ulikufaje?

#6 Konda Mstaafu
Hapo umenikamata.

#7 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Mkuu #1 dawa siyo mbovu na dokta wako pengine hakukosea. Ganzi na usaha haviivi chungu kimoja. Ngoja nieleze maana hili swali naulizwa dirishani kila wiki.

Neva ina vimilango kwenye ukuta wake, tunaviita chaneli za sodiamu. Nje ya neva sodiamu imejaa tele, ndani iko kidogo. Fikiria geti la kivuko pale Magogoni jioni watu wamebanana wanataka kurudi Kigamboni, geti likifunguliwa wote wanamwagika kwa mkupuo. Sodiamu ikimwagika ndani ndo umeme unazaliwa, kipande cha neva cha mbele kikiusikia nacho kinafungua mageti yake, na kinachofuata hivyo hivyo mpaka juu kwenye ubongo. Lidokeini, ndo hiyo dawa ya ganzi yenyewe, inachofanya ni kuziba hayo mageti, habari haivuki.

Sasa mtego uko hapa: komeo la geti liko upande wa NDANI. Dawa lazima kwanza ipenye ukuta wa neva, na ule ukuta ni mafuta matupu. Lidokeini iko ya aina mbili kwenye mwili, yenye chaji na isiyo na chaji, na isiyo na chaji peke yake ndo inapenya mafuta. Kwenye nyama nzima, pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) 7.4, kama robo hivi ya dawa haina chaji, inatosha. Kwenye usaha ni asidi, pH ikishuka mpaka 6.4 inayobaki bila chaji ni kama asilimia 3. Yaani umemwaga dawa nyingi lakini karibu yote imebaki nje ya geti inapiga hodi. Bati la mguuni lilikukata nyama nzima, ndo maana ilishika.

#8 Siti ya Mbele
Inapiga hodi 😂😂 Mfamasia umetisha.

#9 Kijana wa Mbagala
Mfamasia ubarikiwe. Kwa hiyo ni asidi. Nimepata jibu, mods mnaweza kufunga uzi.

#10 Mwaka wa Tatu
Mfamasia shikamoo, naomba nipinge kidogo. Niko mwaka wa tatu udaktari na hii tulibishana darasani hadi mwalimu akatoka.

Hesabu zako ziko sawa, komeo la ndani ni sawa. Ila sindano ya meno ya chini haichomwi kwenye jino. Inachomwa nyuma kabisa ya taya, karibu na pale taya linapokunjika kupanda kuelekea sikioni, neva inapoingilia kwenye mfupa. Kule hakuna usaha. Mleta uzi amesema mwenyewe mdomo ulikufa kabisa, na mdomo unalishwa na neva hiyo hiyo. Maana yake dawa iliingia, ikaziba, na bado jino lilipiga kelele. Asidi inaweza kueleza sindano ya nne, ile ya pembeni ya jino. Zile tatu za mwanzo haizielezi.

#11 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Marahaba mwanangu. Haya tueleze wewe sasa.

#12 Mwaka wa Tatu
Mageti ya sodiamu siyo aina moja, binadamu ana tisa, yana namba kuanzia Nav1.1 hadi Nav1.9. Neva za maumivu zinapenda hasa 1.7, 1.8 na 1.9. Hii 1.7 ni kama mtu wa kwanza kusema "twendeni", inapokea kamchokoo kadogo inakakuza. 1.8 ndo inabeba mzigo wenyewe, na inaweza kuendelea kufanya kazi hata neva ikiwa imechoka na kuvurugika. Sehemu ikiwa na uvimbe, mwili unamwaga makemikali, prostaglandini na wenzake, hayo yanazifanya neva ziwe nyepesi kushtuka na mageti yanakuwa mengi na yanafunguka kwa kitu kidogo. Kwa hiyo lidokeini ile ile inayotosha neva iliyotulia, kwa neva iliyovurugwa wiki nzima haitoshi. Jino la mleta uzi halikuwa na neva ya kawaida tena, ilikuwa neva yenye kichaa.

#13 Fundi Feni
"Neva yenye kichaa" nimekaa nalo hilo. Shemeji yangu mzima anayo.

#14 Meno Thelathini na Mbili
Mimi ndo kazi yangu hii ya koleo, miaka kumi na sita sasa. Mfamasia ana lake, kijana wa mwaka wa tatu ana lake, wote mmesahau kwamba binadamu hawakuchorwa na rula. Gego la chini kwa baadhi ya watu linapata tawi jingine la neva kutoka chini ya ulimi, lile linaloenda kwenye misuli ya chini ya kidevu. Unaweza kuua neva kubwa, mdomo ukafa, ulimi ukafa, hako katawi kanaendelea kutuma habari ubongoni kama hakuna kilichotokea. Ndo njia ya kichochoroni hiyo aliyoulizia mleta uzi. Nachoma kidogo upande wa ndani wa taya, wengine wanatulia hapo hapo. Wengine hapana, simdanganyi mtu.

Suala la pombe wagonjwa wote huwa tunauliza, mkuu usikasirike.

#15 Nesi Mstaafu
Nimefanya wodini miaka thelathini. Hofu jamani. Mtu anayetetemeka anasikia sindano kabla haijamgusa. Mama mmoja nilimwekea mkono begani tukaongelea bei ya nyanya, akashonwa mpaka mwisho hajui. Hamjaiweka hiyo kwenye mageti yenu.

#16 Mwaka wa Tatu
Mama shikamoo. Kweli kabisa, ubongo nao unashusha amri chini kwenye uti wa mgongo kupunguza au kuongeza. Hiyo siyo hadithi.

#17 Konda Mstaafu
Swali la pembeni. Juzi usiku umeme umekatika nimegonga kidole kidogo cha mguu kwenye mguu wa kochi. Nikasikia TAA! kali ya haraka, halafu kimya kidogo, nikajua nimepona, ndo ikaja ile nyingine nzito inayofukuta mpaka nikakaa chini sakafuni. Kwanini zinakuja mbili?

#18 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Konda hilo ni swali zuri kuliko unavyojua. Neva za maumivu ni za aina mbili. Moja ina koti la mafuta kidogo, inakimbia mita 5 hadi 30 kwa sekunde, hiyo ndo TAA. Nyingine nyembamba haina koti, haifiki hata mita 2 kwa sekunde. Kutoka kidoleni hadi mgongoni ni kama mita moja, hesabu mwenyewe. Ya kwanza imepanda mwendokasi, ya pili imepanda daladala la kusimama kila kituo.

#19 Siti ya Mbele
Mwendokasi siku hizi nao 😭 badilisha mfano Mfamasia.

#20 Kuku wa Chanika
Jamani mi nafuga kuku wa kienyeji, mdondo ukisikika mtaani natwanga pilipili kichaa naweka kwenye maji yao. Wanakunywa hawashtuki. Nikajaribu kuonja ya kidole tu nililia. Kuku hana neva?

#21 Mwaka wa Tatu
Anazo. Ila geti lake la pilipili limeumbwa tofauti. Sisi tuna geti linaitwa TRPV1, kazi yake halisi ni kusikia joto, linafunguka kuanzia kama nyuzi 43. Kapsaisini ya pilipili inalifungua bila joto lolote, ndo maana mdomo "unawaka moto" wakati ukipima na kipimajoto hakuna kilichobadilika. Ni ubongo unapewa taarifa ya uongo. Geti la ndege kapsaisini haiwezi kulifungua, joto analisikia kama kawaida. Ndo maana ndege wanakula pilipili na kusambaza mbegu zake porini.

Aliyelipata hilo geti ni David Julius wa kule California, mwaka 1997, na amepewa tuzo ya Nobel 2020 kwa hiyo kazi.

#22 Mzee wa Data
2021 kijana. Na hakupewa peke yake, alikuwa na Ardem Patapoutian, Muarmenia aliyezaliwa Beirut. Huyu yeye alipata mageti ya kusikia kuguswa, Piezo, 2010. Halafu geti la ubaridi, TRPM8, lile mentholi inalifungua, wote wawili walilifikia 2002 kila mtu kivyake. Tuwe makini na miaka.

#23 Mwaka wa Tatu
Sawa mzee, 2021. Asante.

#24 Nesi Mstaafu
We wa kuku, chanja kuku wako. Chanjo ya mdondo ipo na bei yake ndogo. Pilipili utakula nao Krismasi.

#25 Fundi Feni
Na spiriti je? Spiriti ukiimwagia mkononi ni ya baridi kabisa, ukiimwagia kidondani inawaka kama mkaa. Nimejiuliza hili tangu darasa la tano, kaka yangu alikuwa ananimwagia anacheka.

#26 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Ni geti hilo hilo la pilipili! Spiriti inalishusha. Badala ya kusubiri zile nyuzi arobaini na kitu linafunguka kwenye kama 34, na mwili wako una 37. Joto lako mwenyewe ndo linakuunguza. Prostaglandini kwenye uvimbe nazo zinalishusha kwa njia yao, ndo maana ukiungua na jua Coco Beach maji ya kuoga ya vuguvugu tu yanakuwa kama ya chai. Diklofenaki na ibuprofeni hazigusi geti lenyewe, zinazuia hizo prostaglandini zisitengenezwe. Kwa hiyo mleta uzi usizidharau zile diklofenaki ulizopewa, ila zimeze na chakula tumboni.

#27 Bibi Karafuu
Na karafuu yangu hamkuisema. Mnaruka ruka tu.

#28 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Bibi nilikuwa nakuja. Mafuta ya karafuu yana kitu kinaitwa eujenoli, kinachokoza lile geti la pilipili kwanza, ndo ule ukali wa mwanzo, halafu kinaziba mageti ya sodiamu pia. Yaani ni kabinamu ka lidokeini. Madaktari wa meno wanaichanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Tatizo haifiki chini kwenye mzizi, na ukiimwaga nyingi inaunguza ufizi.

#29 Bibi Karafuu
Ee, mmenihishimu sasa.

#30 Meno Thelathini na Mbili
Ile harufu ya kliniki ya meno ambayo watu wanaiogopa ndo hiyo ya kwenu Pemba bibi.

#31 Mama Wawili
Mie naomba niseme yangu. Miaka mitatu iliyopita nilianza kupigwa shoti upande wa kushoto wa uso. Siyo maumivu ya kuvuta, ni shoti. Nikipiga mswaki, nikitafuna, hata upepo wa feni ukinigusa shavu. Sekunde chache imeisha, dakika tano imerudi. Nikaambiwa meno, nikang'oa mawili mazima kabisa. Shoti ziko pale pale. Mwisho daktari mwingine akaniandikia karbamazepini. Nikafika nyumbani nikasoma karatasi ya ndani imeandikwa dawa ya kifafa, nililia, nikajua wananificha. Nikakaa nayo wiki mbili kwenye kabati sijaimeza. Nilipoimeza siku ya nne nikapiga mswaki mpaka mwisho mume wangu akasimama mlangoni ananiangalia.

Kwahyo swali langu, dawa ya kifafa inafanya nini kwenye shavu?

#32 Mwaka wa Tatu
Pole sana dada. Huna kifafa. Karbamazepini inaziba mageti ya sodiamu pia, ila inapenda yale yanayofunguka-funguka ovyo kwa kasi. Kifafa ni umeme wa ovyo kichwani, wako ni umeme wa ovyo kwenye neva ya uso. Geti ni la ukoo mmoja. Usiiache ghafla bila kuongea na daktari wako na wakikuitia vipimo vya damu nenda.

#33 Kijana wa Mbagala
Aisee dada pole. Meno mawili mazima. Nimeacha kulalamika.

#34 Fundi Feni
Shavu limeguswa na feni mimi hapo sihusiki.

#35 Mjukuu wa Kinondoni
Baba yangu ana kisukari, usiku miguu inawaka moto anaiweka kwenye beseni la maji. Kuna mtu anatembeza dawa ya pilipili ya kupaka, anasema inatibu. Pilipili kwenye moto tena jamani?

#36 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Ina ukweli ndani yake ingawa simjui huyo anayetembeza. Lile geti ukilichokonoa muda mrefu neva inachoka, inakaa kimya, ncha zake za ngozini zinajikunja kurudi nyuma kwa wiki kadhaa. Kuna plasta ya kapsaisini asilimia 8, Marekani waliiruhusu 2009 kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, na 2020 kwa miguu ya wenye kisukari. Inabandikwa na wahudumu wamevaa glavu, siyo kujipakia pilipili ya sokoni. Mguu wa kisukari ngozi yake haina taarifa kamili, ataungua asijue. Hilo beseni nalo liangalie, maji ya kukaa muda mrefu yanalainisha ngozi vidonda vinaingia. Kliniki ya kisukari watampa gabapentini, pregabalini au amitriptilini. Mbili za kwanza zinashika mageti ya kalsiamu, pale neva inapokabidhi habari kwa neva inayofuata.

#37 Mtoto wa Feri
Mmesahau wakubwa wa baharini. Samaki bunju! Sumu yake inaziba hayo mageti ya sodiamu mpaka mtu anasahau kupumua. Kwa hiyo wakimpa kidogo sana mleta uzi ile 1.8 inayosemwa inafungwa moja kwa moja.

#38 Siti ya Mbele
Mimi naishi Bunju, mbona sina sumu.

#39 Mwaka wa Tatu
Mtoto wa Feri umekaribia halafu umekosea pabaya. Sumu ya bunju inaziba mageti mengi pamoja na 1.7, lakini 1.8 na 1.9 ndo haswa zinazoigomea. Na inaziba ya misuli ya kupumulia, mtu anakufa akiwa na akili timamu. Tafadhali asijaribu mtu.

Kama unataka ya nyumbani kuna nyoka koboko. Mwaka 2012 Wafaransa walikuta ndani ya sumu yake protini zinazoziba mageti yanayosikia asidi, kwa panya zikatuliza maumivu kama mofini, ile dawa kali ya maumivu yenye ulevi, bila kuwapunguzia pumzi. Kwa panya, nasisitiza. Na konokono koni wa baharini katoa dawa kabisa, zikonotaidi, ilipitishwa Marekani 2004, inaziba geti la kalsiamu, inawekwa kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo.

#40 Konda Mstaafu
Kwa hiyo nikitaka kupona kidole changu kiing'atwe na koboko. Asante kwa elimu.

#41 Mtoto wa Feri
Haya nimekubali. Lakini ngisi ni wangu, msiniguse. Niliwahi kusoma kwamba hii habari yote ya mageti ilianzia kwa ngisi.

#42 Mzee wa Data
Kweli. Hodgkin na Huxley, Waingereza, karatasi zao za 1952, Nobel 1963. Ngisi ana neva nene inafika milimita moja, unaweza kuingiza waya ndani yake. Kwenye ya binadamu huwezi.

Mtu aongelee ile dawa mpya.

#43 Mama Wawili
Ipi tena?

#44 Mzee wa Data
Suzetrijini. Inafunga 1.8 peke yake, haigusi ubongo, haina ulevi wa mofini. Marekani waliipitisha tarehe 30 Januari 2025 kwa maumivu makali ya muda mfupi, kama ya baada ya opereshini. Hii ndo ingemfaa mleta uzi kama nadharia ya kijana ni ya kweli. Ilipotoka 2025 bei ilikuwa dola 15.50 kidonge kimoja. Piga hesabu ni kama elfu arobaini, kila saa kumi na mbili.

#45 Kijana wa Mbagala
Elfu 40 mara mbili kwa siku bora niendelee na karafuu ya bibi.

#46 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Tusiipambe sana. Kwenye majaribio ilikishinda kidonge kitupu kisicho na dawa, haikuishinda ile ya kawaida ya hidrokodoni (ya ukoo wa mofini) na panadol. Na kwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, waliopewa kidonge kitupu walipata nafuu karibu sawa na waliopewa chenyewe. Kwa hiyo kijana wangu, kama 1.8 ndo mwenye mji, mbona kulifunga hakumalizi kazi?

#47 Mwaka wa Tatu
Hapo sina jibu la mkato mama. Kufunga geti moja kunaweza kuwa hakutoshi, mwili una njia nyingi. Na 1.7 ndo inachanganya zaidi. Kuna familia za Pakistani, iliandikwa 2006, geti lao la 1.7 limeharibika kwa kurithi, hawasikii maumivu tangu kuzaliwa. Kijana mmoja alikuwa anafanya maonyesho barabarani, anajichoma visu mikononi anatembea juu ya makaa. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, aliruka kutoka juu ya paa. Watu wakasema basi tumepata dawa, tufunge 1.7. Karibu miaka ishirini sasa makampuni yanajaribu, kwa wagonjwa halisi haijashika.

#48 Nesi Mstaafu
Mtoto wa watu. Asiyesikia maumivu hana wa kumwambia acha.

#49 Fundi Feni
Mwaka wa Tatu, nimeng'ang'ania kitu kimoja. Mfamasia alisema ganzi yenye chaji haipenyi ukuta. Kwanini wasiipitishe kwenye lile geti la pilipili likiwa wazi? Mi ni fundi, mlango ukigoma unapita dirishani.

#50 Mwaka wa Tatu
Fundi wewe ungesoma! Wamefanya hivyo hivyo, Boston, 2007. Walichukua aina ya lidokeini yenye chaji ya kudumu, isiyoweza kupenya peke yake, wakaichoma kwa panya pamoja na kapsaisini. Pilipili ikafungua geti la TRPV1, geti hilo ni pana, ganzi ikapita humo. Na kwa kuwa TRPV1 ziko nyingi kwenye neva za maumivu, zilizokufa ganzi ni hizo tu, panya akawa hasikii maumivu lakini anatembea. Tatizo likabaki moja, ile pilipili kabla ganzi haijashika inauma vibaya.

#51 Fundi Feni
Natafuta hati miliki yangu. 2007 nilikuwa nafunga feni Manzese hakuna aliyeniuliza.

#52 Kijana wa Mbagala
Wakuu mrejesho. Leo nimerudi. Shavu limeshuka baada ya zile antibaotiki. Dokta yule yule. Safari hii ametumia dawa nyingine ya ganzi, jina sikulishika vizuri linaanza na a, akachoma nyuma ya taya, halafu akachoma na upande wa ndani kama alivyosema Meno 32 (nilimwonyesha huu uzi kwenye simu akacheka akasema "na wewe umekuja na bodi ya madaktari"). Na asubuhi nilitafuna karafuu, bibi. Na nilimeza diklofenaki saa moja kabla. Na dokta alikuwa anaongea habari za Simba na Yanga muda wote. Limetoka sijasikia kitu zaidi ya ule mlio wa mfupa, krrr, kama mtu anavunja muwa.

#53 Mfamasia wa Mnazi Mmoja
Hongera! Usaha umepungua, asidi imepungua, dawa imepenya. Nilisema.

#54 Mwaka wa Tatu
Uvimbe umeshuka, neva imetulia, mageti yamepungua kichaa. Na diklofenaki imesaidia. Nilisema.

#55 Meno Thelathini na Mbili
Amechoma upande wa ndani. Sina la kuongeza.

#56 Bibi Karafuu
Karafuu.

#57 Nesi Mstaafu
Simba na Yanga.

#58 Konda Mstaafu
Na mimi nasema dawa ya kwanza ilikuwa na maji. Si amebadilisha dawa? Mbona hamnijibu?

#59 Kijana wa Mbagala
Sasa nimfuate nani hapo? Nimebakiza lingine la juu kushoto limeanza kutoboka. Nitang'oa kwa awamu, kila mtu nimpe siku yake.

#60 Siti ya Mbele
La juu neva yake ni nyingine kabisa, anzisha uzi mpya. Kahawa imeisha.